Tumwachie Mungu: Je, Tumwachie Nini?

Katika miaka yangu ya uchungaji sidhani kama kuna maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko haya mawili: "Tumwachie Mungu." Nimeyasema kando ya vitanda vya wagonjwa, kwenye mashauri ya ndoa, msibani, na katika vikao vya wazee wa kanisa pale fedha za kuezeka zilipopungua. Waumini huitikia "Amina", na mara nyingi maneno hayo huwa ya kweli na huleta faraja. Lakini ipo siku niliyasema vibaya. Sikutambua ubaya huo hadi miaka saba baadaye, nikiwa mbali sana na nyumbani, kwenye uwanja wenye baridi kali, nimeshika mdomo wa puto kubwa kuliko kanisa letu. Swali ninaloomba tulitafakari pamoja ni hili: Mkristo anaposema amemwachia Mungu jambo, ni kitu gani hasa anachomwachia, na ni kitu gani ambacho hana ruhusa ya kukiachia?

Nianze na siku yenyewe.

Usharika wangu wa kwanza ulikuwa wilayani Biharamulo, upande wa Nyakahura. Mimi ni mzaliwa wa Ngara, kwa hiyo sikuwa mgeni wa nchi ile wala wa watu wake: Wasubi, Wahangaza, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na Waha kutoka upande wa Kigoma. Usharika ulikuwa na mitaa mitano iliyotawanyika porini, na ili niifikie yote, wazee walikuwa wamechanga wakaninunulia pikipiki. Nyumba ya mchungaji ilikuwa na baraza dogo, na pikipiki ililala hapo barazani.

Alhamisi moja ya masika, giza likiwa limeingia, alikuja mama mmoja wa kwaya na mtoto wake mgongoni. Mtoto hakuwa ametimiza miaka miwili. "Baba Mchungaji, shikamoo," akasema, "huyu anachemka tangu jana, na leo hataki kunyonya. Sijui nimpeleke usiku huu au tungoje kupambazuke." Huko kwetu mtu haombi moja kwa moja kitu cha mwenzake. Alisema hivyo, akanyamaza.

Nilikuwa nimerudi kutoka mtaa wa mbali, nimelowa, nimechoka. Hospitali ilikuwa mbali, na miaka ile barabara yetu ilikuwa na majambazi. Hata mabasi ya mchana yalisindikizwa na askari. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, nami nimeitumia kujitetea mara nyingi moyoni. Lakini haikuwa sababu. Kilomita nne tu kutoka pale palikuwa na zahanati, na mganga alikaa nyumba ya jirani nayo. Njia ya kwenda huko haikuwa na majambazi. Ilikuwa na matope tu. Nilimwekea mtoto mkono kichwani, nikaomba, kisha nikasema: "Mama, tumwachie Mungu. Asubuhi nitawapeleka mwenyewe."

Alfajiri nilisikia kilio kabla sijawasha taa.

Jumamosi tulimzika. Nilihubiri kutoka sura ya kwanza ya kitabu cha Ayubu, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa, na watu wakaitikia. Baada ya mazishi yule mama alinishika mkono akanishukuru kwa maombi ya usiku ule. Nilipokea shukrani hizo. Nikaendelea na huduma.

Miaka saba ilipita. Nikapelekwa masomoni Marekani, katika chuo cha theolojia mjini Saint Paul, Minnesota. Mzee mmoja na mkewe, waumini wa usharika uliokuwa unanitunza huko, walikuwa na desturi ya kumtembelea binti yao kila mwezi Oktoba katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, wakati wa tamasha la maputo. Mwaka ule masomo yalikuwa na mapumziko mafupi, wakanichukua pamoja nao kwa siku za mwisho wa juma. Kusema kweli nilikwenda kwa heshima tu. Maputo nilikuwa nikiyafahamu kama kitu cha watalii wa Serengeti, kitu ambacho sisi hukiona kwenye kalenda za ukutani.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1972, maputo 13 yakirushwa kutoka kwenye maegesho ya magari ya jengo la maduka. Mwaka 2000 yalifika zaidi ya 1,000. Siku hizi huwa kama 500, na huruka kutoka uwanja mmoja mpana, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Watu hufika tangu usiku wa manane wakiwa na mablanketi na chupa za chai. Hakuna kamba ya kuwatenga watazamaji. Unatembea katikati ya maputo yakiwa yanajazwa, na unaweza kuzungumza na rubani.

Binti wa wenyeji wangu alikuwa na rafiki mwenye puto, mwalimu wa shule ya msingi, na sisi sote tuliandikwa kuwa wasaidizi wake. Mama huyu alinieleza mambo kwa subira ya mwalimu. Puto ni mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi, ulioungwa na kikapu cha matete. Juu ya kichwa cha rubani kuna jiko la gesi. Akivuta wenzo, moto unaruka kwa kishindo, hewa ya ndani inapata joto na kuwa nyepesi kuliko ya nje, puto linapanda. Akiacha, hewa inapoa, linashuka. Akitaka kushuka haraka anavuta kamba inayofungua tundu kileleni ili hewa moto itoke. Basi. Usukani hakuna. Injini ya kukisukuma chombo mbele hakuna. Tangu Wafaransa wawili waliporuka juu ya Paris tarehe 21 Novemba 1783 katika puto la ndugu Montgolfier, jambo hilo halijabadilika: puto huenda upepo unakokwenda.

Nilimuuliza, "Sasa mwalimu, unafikaje unakotaka?"

Akajibu, "Upepo siuamrishi. Ila upepo si mmoja. Chini unaweza kwenda huku, juu ukaenda kule. Mimi nachagua niwe urefu gani."

Na kweli mji ule una jambo la pekee. Asubuhi za Oktoba hewa baridi huteremka na bonde la mto Rio Grande kuelekea kusini, na juu yake kuna upepo mwingine unaokwenda kaskazini. Rubani mwenye uzoefu hukaa chini akabebwa kusini, kisha hupanda akarudishwa kaskazini, na siku nzuri anaweza kutua karibu na mahali alipotokea. Hana mamlaka juu ya upepo hata kidogo. Mkononi ana moto na kamba tu, na kwa hivyo viwili anafanya safari.

Jumamosi hatukuruka. Kabla ya mapambazuko waliachia angani kiputo kidogo ili waone hewa inavyokwenda, na wakuu wa uwanja hawakupendezwa. Bendera ya kuzuia ikapandishwa. Maelfu ya watu walikuwa wamesafiri na kulipa na kukesha, na juu ya uwanja wenyewe hewa ilionekana shwari kwa macho yetu. Nilitegemea kusikia ubishi. Marubani walikunja vitambaa vyao wakaenda kunywa chai. Mwalimu yule aliniambia kwamba aliyeko chini akitamani kuwa juu anaumia roho, lakini aliyeko juu akitamani kuwa chini amechelewa. Jioni tulikwenda ibadani kwenye usharika wa wenyeji wangu, kwa sababu Jumapili asubuhi tungekuwa uwanjani.

Jumapili bendera ya kijani ilipandishwa. Kulipokuwa bado giza, maputo machache yalitangulia yakiwa na taa, na wale wa chini wakayatazama yanavyoelea ili wajue upepo wa kila kimo. Zamu yetu ilipofika, mimi na yule mzee tulishika mdomo wa puto, mmoja kulia mmoja kushoto, huku feni kubwa ikisukuma hewa ndani. Moto ulipowashwa nilihisi joto usoni, puto likasimama, na punde mwalimu alikuwa juu yetu, akipunga mkono. Sikupanda mimi. Kazi yetu sisi wasaidizi ndiyo ilikuwa inaanza. Tuliingia kwenye gari tukalifuata puto kwa barabara, macho juu, redio ya upepo mkononi. Puto halijui barabara. Linavuka mto, uzio, mashamba ya watu. Sisi tulipaswa kuzunguka, kuuliza njia, kuomba ruhusa ya mwenye shamba, na kufika kabla kikapu hakijagusa ardhi ili tukidake kisiburuzwe.

Hapo garini ndipo nilipopigwa. Redio ililia, sauti ya mwalimu ikauliza kwa utulivu, "Mko wapi? Nashuka." Mzee akakanyaga mafuta. Nami nikaona baraza langu la Biharamulo, giza, mvua, mama na mtoto mgongoni, na pikipiki imesimama.

Mwanamke yule angani alikuwa amemwachia Mungu upepo wote. Hakujifanya kuumiliki. Lakini wenzo wa moto hakuuachia hata dakika moja. Kama angefunga mikono akasema upepo utanifikisha, hiyo isingekuwa imani, ingekuwa kuanguka. Mimi usiku ule nilimwachia Mungu vyote viwili. Nilimwachia kilicho chake, yaani uhai na kifo cha mtoto. Na nikamwachia pia kile alichokuwa amekwisha kunikabidhi mimi, yaani ufunguo wa pikipiki uliokuwa unaning'inia msumarini. Kisha nikakiita kitendo hicho imani.

Niliporudi chuoni niliisoma upya sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambayo nilidhani naijua. Paulo ni mfungwa katika merikebu inayokwenda Rumi. Kwanza anashauri wasing'oe nanga, kwa kuwa msimu wa hatari umefika. Hawamsikilizi, upepo mwanana wa kusi unavuma, wanaona mambo ni mazuri, wanaondoka. Ni bendera ya Jumamosi iliyodharauliwa. Dhoruba inapowakamata, malaika anamhakikishia Paulo kwamba hakuna hata mtu mmoja atakayepotea kati ya wote 276. Ahadi imetolewa, nayo ni ya Mungu mwenyewe. Lakini usiku mabaharia wanapojaribu kutoroka na mashua, Paulo huyo huyo anamwambia akida kwamba wasipobaki hao melini, wengine hawataokoka. Askari wanakata kamba za mashua. Paulo anawasihi wale chakula wapate nguvu. Asubuhi wenye kujua kuogelea wanaogelea, wengine wanashika mbao, na wote wanafika pwani. Paulo hakuona mgongano wowote kati ya ahadi ya malaika na ujuzi wa mabaharia. Aliamini ahadi, na kwa sababu aliiamini alishughulika na kamba, mkate na mbao.

Baba yetu wa imani Martin Luther alikutana na swali hili mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini yeye na mchungaji Bugenhagen walibaki kuhudumia wagonjwa. Mchungaji Johann Hess wa Breslau alikuwa amemwandikia kuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni, na Luther akajibu kwa barua ndefu. Aliwakemea wanaowatelekeza jirani zao, lakini aliwakemea vilevile wanaokataa dawa kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu. Hao, kwake, wanamjaribu Mungu, kwa kuwa dawa na akili ni vipawa vyake. Msimamo wake ulikuwa kumwomba Mungu ulinzi, kisha kufukiza nyumba, kutoa dawa na kuitumia, kuepuka mahali asipohitajika, na kwenda bila woga kwa jirani anayemhitaji. Sala na moshi wa kufukizia vilikaa katika nyumba moja.

Najua msomaji Mlutheri atauliza: Je, mchungaji hataki kuturudisha kwenye matendo? Msemo kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia haumo katika Biblia, nami sitaki kuuhubiri. Mbele za Mungu hatuna cha kujisaidia. Tunapokea kama mtoto anayebebwa. Lakini kitabu cha Luther cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo kinatufundisha kwamba kwa kuwa wokovu wetu umekwisha kutolewa bure, mikono yetu imeachwa huru kwa ajili ya jirani. Mimi nilikuwa na mikono iliyoachwa huru, nikaikunja.

Kuna swali lingine zito zaidi, na watu wa Ngara hawawezi kulikwepa. Vipi kuhusu mtu asiye na wenzo wowote? Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi nilipoona barabara ya kutoka daraja la Rusumo imejaa watu. Katika muda wa saa 24 hivi walivuka watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku moja. Nani angethubutu kumwambia bibi aliyebeba godoro na mjukuu achague kimo chake? Dhoruba ilikuwa imemchukua. Hata mtoto yule wa Biharamulo hakuwa na cha kuchagua.

Sina jibu kamili, ila nimejifunza jambo moja kutoka kwenye lile gari lililofuata puto. Mtu akiwa hana wenzo, wenzo wake umewekwa mikononi mwa walio chini. Mwaka ule wa 1994 mama yangu alitoa mtungi wa maji ukingoni mwa njia, akaujaza tena, akaujaza tena. Hakusimamisha vita. Hakuuliza ni mapenzi ya nani. Alijaza mtungi. Na mama wa kwaya alikuwa ametumia wenzo wake wote: alimfunga mtoto mgongoni akatembea gizani hadi kwa mtu mwenye pikipiki. Kilichobaki kilikuwa changu.

Sasa naelewa pia kosa langu kuhusu Ayubu. Maneno yale Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ameanguka chini na joho lililoraruka. Yalikuwa yake kuyasema. Rafiki zake waliokuja kumweleza maana ya msiba wake, Mungu aliwakasirikia mwishoni mwa kitabu. Mimi nilichukua ungamo la mfiwa nikalitumia kufunika uzembe wa mchungaji. Sisemi kwamba zahanati ingemponya mtoto. Hilo silijui na sitalijua. Nasema kwamba sikuwa na haki ya kulitaja jina la Mungu mahali palipopaswa kutajwa jina langu.

Niliporudi nchini nilikwenda Biharamulo. Yule mama alikuwa bado anaimba kwaya, na alikuwa amejaliwa watoto wengine wawili. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilimwambia yote: kwamba usiku ule nilikuwa na mafuta kwenye tangi, kwamba nilikuwa nimechoka tu, kwamba nilimsingizia Mungu. Nilimwomba anisamehe. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiwa anachambua maharage. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, hata mimi niliiona pikipiki."

Hakuongeza neno. Tulikaa hivyo. Baadaye alimwita mtoto wake mkubwa alete chai, na nilipoaga akanisindikiza hadi njiani, akasema, "Tumesameheana." Alisema tumesameheana, ingawa yeye hakuwa na la kusamehewa.

Leo nafundisha katika chuo cha theolojia, na somo la huduma kwa wagonjwa ni langu. Wanafunzi wangu hunicheka kidogo, kwa sababu kabla sijawafundisha sala huwataka wakariri maswali matatu ya kumuuliza anayeleta mgonjwa: Ameanza kuugua lini? Zahanati ya karibu ni ipi? Mtafikaje? Ndipo waombe, na kama ni lazima waombe wakiwa njiani. Mungu husikia hata juu ya pikipiki.

Bado nasema, "Tumwachie Mungu." Siwezi kuyaacha maneno hayo, kwa maana yapo mambo ambayo hayana mahali pengine pa kuwekwa. Lakini kabla sijayasema hutazama kwanza mikononi mwangu nione kama kuna kitu nimekishika. Nawe, ndugu msomaji, nakuomba ufanye hivyo. Upepo ni wa Bwana, huvuma upendako, kama alivyomfundisha Nikodemo usiku. Ufunguo ulioko msumarini kwako amekupa wewe.